Majira ya Mchezo na Majira ya Meru

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Krismasi ya mwaka 2022 ilitukuta nyumbani kwa baba, Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mvua za vuli mwaka ule zilikuwa haba. Maharage yaliyopandwa kati ya migomba yalikuwa yamejikunja majani, na kila asubuhi mzee alitoka uani, akainua macho kuelekea mlimani, kisha akarudi ndani pasipo kusema neno.

Siku ya pili ya sikukuu mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la sita aishiye Sakina mjini Arusha, alimsogelea babu yake akiwa na mashine ndogo ya mchezo mkononi.

"Babu, tazama. Huku kwangu theluji imejaa."

Mzee akavaa miwani, akatazama. Aliona kisiwa chenye vijumba, miti iliyofunikwa weupe, na mtoto wa katuni aliyevaa koti zito.

"Hapo ni wapi, mjukuu wangu?"

"Ni kisiwani kwangu, Babu."

"Na huko leo ni tarehe ngapi?"

"Ni leo hii hii, Babu. Saa yake ni saa yetu. Sasa hivi ni saa nne asubuhi, na huko ni saa nne asubuhi."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya: "Ikiwa saa ni yetu, mbona majira si yetu?"

Mtoto hakuwa na jibu. Nami, mjomba wake niliyekuwa nimeketi pembeni, sikuwa nalo pia. Nimelitafuta tangu siku ile, na nimegundua kuwa swali la mzee linazihusu nyumba nyingi za mijini, pamoja na zile ambazo watoto wake hawajapata kuiona theluji hata kwenye kioo.

Saa za namna tatu

Kwa msomaji asiyeifahamu michezo hii, ni vema kwanza tueleze jinsi inavyoendesha wakati. Mingi ina mchana na usiku, na baadhi ina mwaka mzima wenye majira yake. Mtengenezaji ndiye anayeamua mwaka huo utembee kwa saa ipi. Kwa jumla ziko namna tatu.

Namna ya kwanza ni saa inayomngoja mchezaji. Mfano mzuri ni Stardew Valley, mchezo wa ukulima uliotolewa mwaka 2016 na Mmarekani mmoja, Eric Barone, ambaye aliutengeneza peke yake. Mwaka wa mchezo huo una majira manne yenye siku 28 kila moja. Siku moja huchukua takriban dakika 14 za saa ya ukutani, hivyo mwaka mzima wa siku 112 humalizika kwa muda wa saa 26 hivi za kucheza. Majira yakigeuka, mazao mengi yaliyobaki shambani hufa. Lakini mtoto anayecheza peke yake akiitwa kula, huzima mashine yake, na hata akirudi baada ya mwezi mzima hakuna msimu uliompita.

Namna ya pili ni saa iliyofungwa kwenye kalenda ya kweli, lakini ikaharakishwa. Katika michezo ya Pokémon Black na White iliyotoka Japani mwaka 2010, kila mwezi wa kalenda ulikuwa majira yake, hata mwaka wa mchezo ukawa miezi minne. Katika mchezo wa magari wa Forza Horizon 4, uliotoka mwaka 2018 na kuchorwa kwa sura ya Uingereza, majira yaligeuka kila Alhamisi. Wachezaji wote duniani walijikuta siku hiyo wamehama pamoja kutoka kiangazi kwenda majira ya majani kupukutika, wapende wasipende.

Namna ya tatu ndiyo iliyomshangaza mzee wa Akheri: saa ya mchezo inakwenda sawasawa na saa ya ukutani, na mwaka wake ni huu huu wetu. Mchezo wa Animal Crossing ulianza hivyo huko Japani mwaka 2001. Toleo lililoenea mno lilitoka Machi 2020, wakati watu wa nchi nyingi walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa ajili ya korona. Duka la kisiwani hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Mtoto akifika saa tano usiku hukuta limefungwa, kama ambavyo angekuta maduka mengi ya mtaani kwake.

Ziko sababu njema za kufanya hivyo. Mchezo wa namna hii haumalizwi kwa siku moja. Humfundisha mtoto kusubiri, na huwawezesha watu waliotengana kushiriki siku moja, kwani wachezaji hutembeleana kwa njia ya mtandao. Mpwa wangu alipewa mashine ile na shangazi yake aishiye Ujerumani, na kwa muda mrefu wawili hao walikutana kisiwani kila Jumapili jioni, huyu akiwa Sakina na yule akiwa ng'ambo. Hilo si jambo dogo kwa mtoto ambaye shangazi yake humwona mara moja kwa miaka mitatu.

Tatizo huanza pale mtengenezaji anapoulizwa: haya, mwaka ni wa wote, lakini majira ni ya nani?

Masika ya nani?

Dunia haina majira mamoja. Ulaya inapozizima mwezi Januari, Australia inaungua kwa jua. Kwa sababu hiyo Animal Crossing ya mwaka 2020 humtaka mchezaji, anapoanza, achague kama kisiwa chake kiwe nusu ya kaskazini ya dunia au nusu ya kusini. Akichagua kaskazini, theluji hutanda kuanzia Desemba hadi Februari. Akichagua kusini, hutanda kuanzia Juni hadi Agosti. Pokémon GO, mchezo wa simu unaochezwa kwa kutembea barabarani, nao ulipoanzisha majira yake Desemba 2020 uliwatenga wachezaji wa kaskazini na wa kusini, hawa wakapata viumbe hivi na wale vile.

Huo ni uungwana, lakini haututoshi sisi. Arusha iko nyuzi tatu na ushei tu kusini mwa Ikweta. Hapa jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu na kutua karibu na saa hiyo hiyo jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kuihesabu saa ya kwanza tangu mapambazuko: mapambazuko hayahamihami. Tofauti ya majira yetu haitokani na urefu wa mchana, inatokana na maji. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, kiangazi cha Januari na Februari hufuata, masika hunyesha Machi hadi Mei, kisha kipupwe cha Juni hadi Agosti huteremsha ukungu mpaka Mnara wa Saa pale katikati ya mji ukawa kama umevikwa shuka.

Wala haya si majira ya Tanzania nzima. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutabiri vuli na masika kwa mikoa kama Arusha na Kilimanjaro inayopata mvua mara mbili kwa mwaka. Dodoma na Singida hutabiriwa mvua moja ndefu ya kuanzia Novemba hadi Aprili, nayo huitwa kwa jina moja tu: mvua za msimu.

Shuleni tulifundishwa kuyatafsiri majira ya Ulaya kwa majina haya haya. Wakati wa maua kuchanua ukaitwa masika, wa majani kupukutika ukaitwa vuli, na wa theluji ukaitwa kipupwe. Tafsiri hiyo ni ya kuazimana tu. Mkulima wa Poli au Nkoaranga akisikia masika hafikirii maua. Anafikiria jembe, mbegu ya mahindi, mfereji uliofurika na barabara isiyopitika. Mtoto anayejifunza maneno hayo kutoka kwenye mchezo peke yake anaweza kukua akidhani kwamba majira ya kwao ndiyo yenye kasoro.

Lakini watengenezaji wakitaka, wanaweza. Forza Horizon 5, uliotoka mwaka 2021, ulihamishia magari yake Mexico. Nchi hiyo haingeweza kuvikwa majira ya Uingereza, basi wakayapanga upya: majira ya mvua, ya dhoruba, ya ukavu na ya joto. Kama Mexico ilipata masika yake mchezoni, hakuna kinachozuia siku moja kijana wa Arusha aliyesomea kompyuta kutunga mchezo ambamo kahawa ya Meru huanza kuvunwa Julai, mahindi hupandwa mvua ya kwanza ya Machi, na wachezaji hugombea zamu ya maji ya mfereji kama wanavyoigombea wazazi wao.

Msimu wenye bei

Hadi hapa tumezungumza juu ya majira. Lakini liko neno jingine ambalo vijana hulitumia zaidi, nalo ni msimu. Neno hili lina historia ndefu. Limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni wakati maalumu wa mwaka, na mabaharia wa Bahari ya Hindi walilitumia kwa wakati wa pepo za kaskazi na kusi zilizopeleka na kurudisha majahazi. Nahodha aliyekosa msimu alikaa bandarini miezi mingi akingoja upepo ugeuke. Upepo haukuwa na mwenyewe, na wala haukumtoza mtu.

Katika michezo ya mapigano ya mtandaoni msimu ni kitu kingine kabisa. Ni kipindi cha wiki kadhaa, aghalabu kati ya nane na kumi na mbili, ambacho kampuni hukiweka yenyewe. Mchezaji huweza kununua tiketi ya msimu, na kadiri anavyocheza ndivyo anavyojipatia mavazi na mapambo. Msimu ukifika mwisho, asichokipata hupotea, na katika michezo mingi hakirudi kwa urahisi. Oktoba 2019 mchezo wa Fortnite uliufunga msimu kwa dunia yake yote kumezwa na shimo jeusi, na kwa karibu siku mbili hakuna aliyeweza kucheza. Mamilioni ya watoto waliketi wakitazama kioo cheusi.

Huu nao ni wakati wa mchezo uliofungwa kwenye kalenda ya kweli, ila hauna jua wala mvua ndani yake. Una tarehe ya mwisho tu. Tena tarehe hiyo imepangwa kwa saa za ng'ambo. Msimu unaofungwa saa nane mchana New York wakati wa baridi, Arusha hufungwa saa nne usiku, siku ambayo kesho yake huenda ni ya shule.

Jirani yangu mmoja wa Ngarenaro, mama lishe, alilijua jambo hili kwa njia ngumu. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa akicheza kwa simu ya mama yake kila jioni. Usiku mmoja, zikiwa zimebaki saa chache msimu ukatike, alichukua shilingi elfu kumi na mbili zilizokuwa katika akaunti ya simu, akamlipa kijana anayeuza vocha za michezo. Fedha zile zilikuwa za kununulia ndizi na nyama alfajiri. Asubuhi yake mama hakupika, na wateja wake wa gereji walikula kwa mwingine. Nilipozungumza na kijana mwenyewe hakukana kosa. Aliniambia tu kwamba aliona kama kitu kinamfia mikononi, na kwamba asubuhi, alipokwisha kukipata, hakukumbuka tena kwa nini alikitaka.

Hatari ya jambo hili imekwisha kutambuliwa mbali. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipitisha orodha mpya ya magonjwa ambayo ndani yake mna maradhi ya kushindwa kujizuia kucheza michezo hii. China, Septemba 2021, ilianza kuwaruhusu wenye umri chini ya miaka 18 kucheza mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Marekani, Desemba 2022, tume ya serikali inayosimamia biashara ilitangaza kuwa kampuni yenye Fortnite italipa jumla ya dola milioni 520, na kati yake dola milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja walioingizwa katika manunuzi wasiyoyakusudia.

Mzazi aulize nini

Kupiga marufuku ni rahisi kusema. Lakini mzazi anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi jua limezama hawezi kuilinda simu kutwa nzima. Ni afadhali aijue saa ya mchezo wa mwanawe kama anavyoijua saa ya shule. Maswali matatu yanatosha kuanzia.

La kwanza: mchezo huu unangoja? Kama unangoja, mtoto hana sababu ya kusema "bado kidogo tu, mama". Ataukuta kesho. Kama haungoji, tujue ni kitu gani kinachopita akiwa amelala, na kama kina thamani ya usingizi wake. Wako watakaoukumbuka mchezo wa shamba wa FarmVille, ulioanza mwaka 2009 na kufungwa siku ya mwisho ya mwaka 2020. Humo stroberi ziliiva kwa saa nne, na zisipovunwa kwa wakati zilinyauka. Watu wazima, wenye kazi na familia, waliamka usiku kuvuna matunda ambayo hakuna angeweza kuyala.

La pili: msimu unaisha lini kwa saa za kwetu? Tarehe hiyo iandikwe ukutani mapema, pamoja na tarehe za mitihani. Jambo linalojulikana wiki tatu kabla halimtii mtoto wazimu usiku wa mwisho. Na namba ya siri ya fedha iwe siri kweli.

La tatu ni lile la mzee wa Akheri: majira haya ni ya nani? Swali hili halihitaji ugomvi. Mtoto akiona maua ya waridi yakipukutika juu ya miti ya kisiwa mwezi Aprili, mzazi amwambie hayo ni majira ya Japani, kisha amfungulie dirisha aone masika ya kwao. Hapo mchezo utakuwa umemfundisha jiografia badala ya kumsahaulisha.

Kisiwa cha kusini

Narudi Akheri. Kesho yake mpwa wangu alipata msiba wake mwenyewe. Jumapili ile, ambayo ndiyo ilikuwa Krismasi, alikuwa amenunua kisiwani shehena ya zao moja la mizizi ambalo huuzwa Jumapili asubuhi tu. Mchezaji hulihifadhi na kuliuza katikati ya juma bei inapopanda, kama wafanyavyo walanguzi wa nyanya soko la Kilombero. Likifika Jumapili inayofuata huoza. Mtoto, kwa hamu ya kuona fataki za mwaka mpya, aliisukuma mbele saa ya mashine hadi asubuhi ya tarehe 1 Januari 2023, nayo ilikuwa Jumapili. Akaenda kwenye ghala lake, akakuta uozo mtupu. Akairudisha saa nyuma, lakini wapi!

Alimwendea babu yake machozi yakimlengalenga. Mzee hakucheka. Alimshika mkono akampeleka kwenye maharage yaliyojikunja.

"Mjukuu wangu, hata mimi ningekuwa na saa ya kusukuma ningeisukuma mpaka Machi. Wewe umeisukuma, na umeona."

Mwezi Januari, baada ya kurejea Sakina, kijana alikata shauri. Katika mchezo ule nusu ya dunia huchaguliwa mara moja tu. Shangazi ndiye aliyekianzisha kisiwa, akachagua kaskazini kwa kuwa yeye huko ndiko aliko. Ili kuhama hapana budi kukifuta chote na kuanza upya. Alimwomba shangazi ruhusa kwa simu, kisha akakifuta: nyumba, madaraja na bustani alizojenga muda mrefu. Akachagua kusini.

Mwezi Juni alikwenda Akheri likizo. Masika yalikuwa yamenyesha na mahindi yalikaribia kukauka. Kipupwe kilikuwa kimetanda, kilele cha Meru hakikuonekana kwa ukungu, na babu alikuwa amejifunika blanketi jikoni akiota moto. Mtoto alikaa karibu naye akiwa na sweta mbili, akawasha mashine yake. Kisiwani theluji ilikuwa ikianguka.

"Babu," alisema, "leo angalau baridi ni moja."

Mzee alivaa miwani akatazama kwa muda. Kisha akamwambia azime, kwa kuwa uji ulikuwa tayari, na mchezo ule, kama alivyokwisha kuelezwa, duka lake halifungwi mpaka saa nne usiku.